Moto wa Baba Mkwe

Tumpale alikuwa amelala kifudifudi kwenye majani makavu, darubini machoni, alipoona moshi ukipanda kutoka chini ya mlima.

Kazi yake ni kuwatafuta mbayuwayu wa buluu, ndege adimu wanaokuja milima ya Ileje kutaga na kulea makinda, kisha huondoka. Hawajengi mitini. Hubandika kiota cha udongo ndani ya shimo lililochimbwa na muhanga, huko kwenye majani ya wazi. Msimu huo yeye na mwenzake Gwamaka walipanda vilima vingi wakapata kiota kimoja tu, hiki kilicho mbele yake, na makinda wake hawajaweza kuruka.

Akaielekeza darubini kwenye moshi. Mzee mmoja alikuwa akichoma majani ili ng'ombe wapate malisho mapya. Alikuwa Yesaya, baba wa mumewe, Lusajo.

Kwao Wandali, mkamwana hamkaribii baba mkwe. Wakikutana njiani, mwanamke huchepuka. Hamtazami, hamsemeshi. Tumpale hakuwahi kuivunja heshima hiyo.

Alimpigia Gwamaka, aliyekuwa ng'ambo ya bonde. Hakuna mtandao. Na upepo ulikuwa unapanda.

Akateremka mbio mpaka aliposikia majani yakipasuka kwa moto. Akajifunika kanga kichwani, akampa mzee mgongo, akaliambia jiwe lililokuwa mbele yake:

"Wewe jiwe, huku juu kuna watoto shimoni. Moto ukifika watakufa."

Mzee naye akasema, lakini na mbwa wake.

"Simba, umesikia? Siku hizi mlimani watu wanaongea na mawe. Watoto wa nani hao?"

"Jiwe, ni watoto wa ndege."

"Ndege. Na ng'ombe wangu waliobaki mbavu, Simba, wale nini? Darubini?"

"Chini ya mwamba hakuna kiota, jiwe. Nimepakagua kote. Ng'ombe wachomewe majani huko."

"Huyu ni nani hasa? Mkamwana wangu nimjuaye ana adabu zake."

Neno hilo lilimchoma Tumpale kuliko joto lililokuwa mgongoni. Akavunja tawi bichi, akaanza kuupiga moto, uso kaupeleka pembeni, akipiga pengine majani, pengine hewa. Moshi ulimkaba. Moto ukampita upande wa kushoto, ukashika njia ya shimoni.

Ndipo akasikia tawi jingine likipiga, huko huko kushoto, kwa nguvu. Wakapiga hivyo, kila mmoja upande wake, bila kutazamana, mpaka mstari ule wa moto ukakatika.

Tumpale akapanda hadi kwenye kiota; mdomo wa shimo ulikuwa mweusi. Akasikiliza, ndani kimya kabisa. Mbayuwayu mmoja alikuwa akizunguka juu ya majivu, akishuka, akipaa tena.

"Wapo?" mzee akauliza kwa mbali, akasahau kumtaja mbwa.

Ndege akazama shimoni. Vilio vyembamba vikapanda kutoka chini ya ardhi.

"Wapo, baba," Tumpale akasema, mgongo bado umemwelekea.