Maneno Yangu Yenye G, H na T

Bado nina hasira. Wanaonijua watashangaa, maana mimi ni mtu wa kucheka. Hata chapati ikiungua nacheka. Hili limenikaa rohoni.

Niliacha shule kidato cha pili kule Didia, kabla hata ya mtihani, mama alipohamia machimboni upande wa Geita kupikia wachimbaji. Nikamfuata. Alfajiri tunakanda ngano, saa mbili nabeba ndoo ya chapati na birika la chai la kuchemshia palepale hadi kwenye duara, yaani shimo wanaloshuka kutafuta dhahabu. Lakini kichwani mwangu mimi ni mwalimu, nimevaa sketi ndefu na nina chaki mkononi. Ndiyo maana nilijiandikisha mtihani wa QT, ule wa waliokatisha masomo, nirudi kwenye njia. Kikwazo kilikuwa Kiingereza.

Mwalimu wangu wa zamani alitufundisha mbinu: kamata herufi chache, zifuate popote ziendapo. Mimi nilikamata g, h na t zilizoshikana mikono. Weight nililitoa kwenye mfuko wa saruji. Bright, kwenye kopo la rangi. Night lilikuwa kwenye ukuta wa baa. Daughter nililikuta kwenye kadi ya harusi iliyofungiwa karanga. Zile g na h zilinichekesha: zimekaa tu katikati ya neno bila kutoa sauti, kama wageni waliokuja kula pilau. Kila neno niliandika kwenye daftari, zile tatu nikazizungushia wino mwekundu. Maana zake sikuandika, nilitaka kichwa ndicho kizishike. Kurasa zikajaa.

Siku hizo duara lilikuwa limekauka. Wiki tatu wanapanda na mawe matupu. Asubuhi moja msimamizi wa duara alifunua kitambaa cha ndoo achukue chapati, akaibuka na daftari nililolibeba humo.

"Hii nini?"

"Maneno ya Kiingereza, baba. Nina mtihani mwezi ujao."

"Maneno gani haya? Alama tatu zilezile, kila mstari, zimezungushiwa damu?"

"Ni wino, baba."

"Ndiyo maana!" mchimbaji mmoja akadakia. "Kumbe mwamba umefungwa na mtoto wa mama ntilie!"

"Na chapati zake tunakula kila siku," mwingine akasema. "Tumeshalishwa uchawi, jamani."

Nikacheka. Niliona ni utani. Nao wakaona ndiyo ushahidi.

"Mnaona? Anacheka!"

Kulikuwa na kijana mmoja pale aliyemaliza kidato cha nne. Yeye ndiye aliyenipa neno height. Nilimtazama. Alijua kusoma kila mstari wa daftari lile. Akainamia buti zake, akaanza kufunga kamba iliyokuwa imefungwa tayari.

Msimamizi akatia daftari kwenye moto wa mafiga, chini ya birika langu mwenyewe. Chai yangu ikachemka kwa maneno yangu. Kisha akatoa hukumu: kuku mweupe wa kusafisha duara, la sivyo mama na mimi tufungashe vyombo.

Mama alikuja mbio na unga mikononi. Alipiga goti. "Shikamoo, baba," akamwambia mtu ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Naye, bila aibu, akaitikia: "Marahaba."

Daftari ningeweza kusamehe. Ile marahaba, hapana.

Kuku alinunuliwa, damu ikazungushwa kwenye mdomo wa duara, nyama wakala kwa ugali tuliowasongea sisi. Siku nne zilizofuata nilipeleka chapati nikiwa nimefunga mdomo. "Usiwajibu, mayu, binti yangu," mama alinisihi. "Mdomo hautupi pa kulala."

Siku ya nne wakapata mali, dhahabu yenyewe. Kelele zilifika mpaka jikoni kwetu. Nikaketi juu ya gunia la mkaa, nikalia kwa hasira, maana sasa hakuna mtu duniani ambaye angewaambia walikosea.

Mchana wa kesho yake msimamizi akaja. Mwenyewe! Anatabasamu, mkononi ana daftari jipya, kubwa, la jalada gumu, na peni nyekundu.

"Binti," akasema kwa upole, "yale yalikuwa ya kufunga. Sasa tuandikie ya kufungua."

Mama akanikazia macho: nyamaza. Nikapokea daftari. Nikamvutia kigoda.

"Kaa, baba. Haya yanataka mtu asikilize."

Akakaa, kofia mapajani. Nikaandika la kwanza, nikamsomea. "Light. Maana yake mwanga." Akaitikia kwa kichwa, akiridhika. "Weight. Uzito." Akasogea karibu. "Eight. Nane. Daughter, binti wa mtu, kama mimi. Fight, kupigana."

"Sawa, sawa. Na nguvu yake iko wapi?"

"Hakuna nguvu, baba. Ni maneno. Kama hayahaya tunayosema."

"Yale ya kwanza nayo?"

"Yaleyale. Ulichoma mwanga, uzito na nane."

Akaigeuzageuza kofia mapajani. Mama aliacha kukoroga sufuria. Nilingoja msimamizi aseme pole, japo kwa nusu mdomo. Akamtazama mama, akatazama goti lake, pale kanga ilipobaki na alama ya vumbi jekundu isiyotoka. Akasimama.

"Basi nirudishie daftari langu. Nimelinunua."

Nililiweka chini ya gunia la ngano, nikalikalia, liwe fidia ya lile alilochoma.

"Mama," nikasema, "ni nani sasa anayetaka chapati zetu za uchawi?"