Kiingereza cha Kupandia Mlima

Bei ya kahawa ilipoanguka hadi wanunuzi binafsi wakaacha kuleta magari yao kijijini kwetu Uru, mama alinipa muda mpaka masika.

"Ukipata kazi, miti ya baba yako inabaki," alisema huku akimenya ndizi. "Usipopata, tunaing'oa, tunapanda nyanya. Maua ya kahawa hayaliwi, baba."

Aliniita baba kila alipotaka nisibishe. Baba mwenyewe alikuwa amezikwa pale pale kihambani, shamba letu la ukoo, kati ya migomba, na mama hakutaka kuing'oa kahawa ile mbele ya macho yake. Mimi pia sikutaka, ila sababu yangu haikuwa ya heshima sana: kung'oa mizizi ya kahawa ni kazi ngumu.

Kwetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye hurithi nyumba ya wazazi. Kaka zangu walitawanyika mijini, mimi nikabaki, na kusema kweli sikuhitaji kubembelezwa. Nilikuwa mtu wa jikoni. Kushuka Moshi mjini kwangu ilikuwa safari ya kuagana na watu.

Kazi iliyokuwepo ilikuwa ya watalii wanaopanda Kilimanjaro. Vijana wa rika langu walianza kwa kubeba mizigo, na baada ya miaka ya kubeba, wachache wakawa waongozaji. Mimi niliona njia fupi zaidi. Wengi wao waliishia darasa la saba, mimi nilikuwa na kidato cha nne. Kwa nini nibebe begi la Mzungu kichwani wakati naweza kubeba Kiingereza?

Basi nikaenda tuisheni Majengo, pale Moshi mjini, kwa mwalimu mstaafu aliyepanga chumba nyuma ya fundi cherehani. Alikuwa na imani moja tu maishani.

"Mtu anayesema 'but' ni mtu wa sokoni," alituambia. "Mwajiri akikuuliza, mpe 'despite'. Mpe 'instead of'. Hapo atajua amekaa na msomi."

Kazi ya maneno yale ilikuwa kugombanisha mambo mawili katika sentensi moja: licha ya hili, bado lile; badala ya hili, lile. Na kitenzi kinachofuata hakikuruhusiwa kutoka nje uchi, sharti kivae mkia wake wa -ing. Nilipoandika 'despite I am tired', mwalimu aliivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

"Kijana, umejifukuza kazi mwenyewe. Despite being tired. Rudia."

Nikarudia. Upande wa pili wa ukuta fundi naye akarudia, kwa sauti ya mbwembwe, cherehani ikicheka naye.

"Na mifano mtoe kwenye maisha yenu," mwalimu aliongeza. "Sentensi ya kukariri inanuka."

Nyumbani nilifanya mazoezi zizini. Mama alisimama mlangoni na ndoo ya maziwa.

"Unamwambia nini ng'ombe?"

"Instead of sleeping, I am studying. Badala ya kulala, ninasoma."

"Na majani yake yako wapi katika hiyo sentensi?"

Nikaenda kukata majani. Lakini nilimwona akitabasamu, na jioni aliwaambia majirani kwamba mtoto wake sasa anaongea kama redio. Alikuwa ameanza kuamini. Siku hiyo hiyo alitia mbolea ya samadi kwenye kahawa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu bei ishuke.

Usaili wa kampuni moja ya kupandisha watalii ulikuja kabla ya mvua. Mwenye kampuni alikuwa Mchagga mwenzetu, mwenye meza kubwa na picha ya kilele ukutani. Akaniambia nijieleze kwa Kiingereza. Nilikuwa na sentensi yangu bora, niliyoichonga wiki nzima, na mwalimu aliipa tiki mbili. Nikaitoa taratibu, mkia wa kitenzi ukiwa mahali pake. Nilisema kwamba licha ya kuzaliwa na kukulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro, sijawahi kuupanda mlima huo.

Ilikuwa kweli tupu. Kwetu mlima ni kitu cha kutazama asubuhi kujua kama nguo zitakauka. Nani aende kupigwa baridi huko bila ng'ombe aliyepotea?

Mwenye kampuni aliweka kalamu chini. Akahamia Kiswahili.

"Hujapanda kabisa?"

"Nimefika msituni, mzee. Kukata majani."

"Kiingereza chako kinawazidi waongozaji wangu wote," alisema, na hakuwa ananidhihaki. "Lakini mgeni akizidiwa pumzi kule juu, utamshusha kwa 'despite'?"

Nikamwambia niko tayari kuanza na mizigo. Mabega yangu yalisikia na kuogopa, lakini nilisema.

Akanionyesha dirishani. Nje ya uzio walikaa wanaume wamejikunyata na makoti yao, baadhi wakiwa na umri wa kuwa baba zangu. Nilitambua nyuso za Uru, na za vijiji vya Kirua pia.

"Wapagazi ninao mpaka wa akiba. Tangu kahawa ife, kila kihamba kimehamia getini kwangu. Mwenzangu, ningeweza kukupa kazi, ningekupa."

Nilipofika nyumbani mama alikuwa amepika. Alinitengea mtori wa ndizi, akangoja nimalize.

"Walikuelewa lakini?"

"Walinielewa vizuri, mama. Kila neno."

"Haya," alisema.

Asubuhi alitangulia na jembe. Tulianzia mbali na kaburi. Mizizi ya kahawa haitoki kwa kuvuta. Unachimba kuizunguka, unakata, unachimba tena, na mti unaendelea kusimama kana kwamba hujaanza. Kufikia masika tulikuwa tumeifikia safu iliyokuwa karibu na baba, naye akaniambia niache jembe, hiyo atamalizia mwenyewe. Nikakaa kwenye kisiki, nikamtazama akichimba.