Vikombe vya Harusi Vilivyofukizwa

Wiki jana nilikuwa kwenye kaunta ya fundi mmoja hapa Isiolo mwenye printa ndogo ya mezani, ile ya wino wa unga. Huchapisha majina kwenye karatasi yenye gundi, huilowesha, kisha huyahamishia kwenye vikombe vyeupe vya udongo. Shida yake ni moja tu: vikombe vikioshwa, majina yanatoka.

Akaingia mama wa Kiborana kutoka Chechelesi na kikapu cha vikombe alivyochapishiwa hapo, vyenye majina ya binti yake na bwana harusi. Jumamosi wakwe watanywea chai ya maziwa humo.

"Mama, usiniambie umeviosha!" Fundi alishika kichwa.

"Sijaosha. Nimefukiza."

"Umefanya nini?"

"Chombo cha maziwa lazima kifukizwe, fundi. Nimevifunika juu ya makaa na vijiti, kama kibuyu."

Mimi niliyefika Ulaya na kuona viwanda vya vyombo, nikamweleza kwa upole kwamba moshi umeharibu kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachota mchanga pale mlangoni, akasugua kikombe kimoja kwa nguvu, akampa fundi. Majina yalikuwa palepale.

Fundi alikigeuza mara tatu. Miezi miwili amekuwa akimbembeleza mwoka mikate mmoja ampe nafasi kwenye tanuri, achome vikombe ili majina yashike.

"Mama, ni vijiti vya mti gani?"

"Hiyo siri si ya dukani. Wewe chapisha, uniletee nyumbani nichome. Na huyu msemaji wako abaki hapa."

Nilibaki.