Kunegunda na Mvuke wa Baridi

Jirani yangu Kunegunda hajawahi kuona kifuniko akakiacha kimefunikwa. Ukimkaribisha chai, kabla hajakaa ameshanusa birika, ameshauliza majani umenunua duka gani, na ameshainua kitambaa cha meza aone miguu yake ni ya mbao gani. Mtu mwingine ningemfukuza. Yeye nimemzoea, na siku asipokuja nyumba yangu hupooza.

Hapa mtaani Mfaranyaki alijulikana kwa kufukiza watu. Alikuwa na sufuria kubwa jeusi, majani ya mikaratusi aliyochuma njia ya Matogoro, mchaichai, maganda ya limau, na blanketi zito la kijivu. Mwaka ule wa korona uwanja wake ulijaa kuliko zahanati. Watu walipanga foleni, wakubwa kwa wadogo, na kila aliyetoka chini ya blanketi alitoka macho mekundu, jasho linamchuruzika, akisema amepona hata kama hakuwa anaumwa. Kunegunda alikuwa na sharti moja. Hamfunikii mtu mvuke ambao yeye mwenyewe hajaingia kwanza. Alijifunika, akavuta pumzi, akatoka, akasema, "Haya, ingia, hauui."

Mumewe, Amedeus, ni mtu wa Namtumbo. Ujana wake aliuacha kwenye mabani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku, akichochea moto ili majani yakauke kwa moshi. Alihamia mjini, lakini moshi nao ulihamia naye. Kifua chake kilikuwa kinapiga miluzi, akipanda kijilima cha kwenda kanisani anasimama mara kadhaa kujifanya anasalimia watu. Jioni, wageni wakishaondoka, Kunegunda alimfukiza yeye wa mwisho. Kwa huyu hakuonja akatoka. Aliingia naye wakakaa wote wawili mpaka sufuria lipoe. Sisi majirani tuliona blanketi moja lenye migongo miwili, tukacheka, wengine wakaenda zao kupika. Amedeus akitoka alikaa kwenye benchi muda mrefu, kisha akasema, "Asante, Mama Edwin." Naye Kunegunda alinikazia macho kama vile mimi ndiye niliyesema dawa yake haifai.

Kipupwe kilichopita Amedeus alizidiwa, akalazwa. Nilikwenda kuwaona. Nilimkuta amevalishwa kinyago cha plastiki puani na mdomoni, mpira mwembamba umetoka kwenye kinyago mpaka kwenye mashine ndogo inayonguruma, na ukungu mweupe unatoka pembeni mwa mashavu yake. Kunegunda hakuwa anamtazama mumewe. Alikuwa ameweka kiganja kwenye ule ukungu.

"Dada, njoo ushike," aliniambia. "Wa baridi!"

Nilishika. Kweli, ulikuwa wa baridi.

"Mvuke gani huu hauchomi?" alimgeukia nesi, binti aitwaye Violeth, mgeni hapa mjini, kwao Bukoba. "Moto wake uko wapi?"

"Hakuna moto, mama. Wala si mvuke. Ni dawa ya maji, upepo wa mashine unaivunjavunja. Ushawahi kukaa mashine ya kusaga? Ule unga unaokaa kwenye kope bila wewe kuhisi? Basi ndivyo. Vikiwa vidogo namna ile vinafika mbali kifuani."

"Na upepo unavunjaje maji?"

Violeth alicheka, akaahidi kumwonyesha akimaliza kazi. Aliahidi bila kujua anamwahidi nani. Kunegunda alimsubiri mpaka zamu ilipoisha.

Kabla hawajaruhusiwa, daktari alisema wazi. Mapafu ya mzee yameharibiwa na moshi wa miaka mingi, hayatarudi kuwa mapya. Nyumbani iwepo mashine ile na dawa yake, kifua kikibana atumie papo hapo, la sivyo siku moja hatawahi kufika hospitali. Violeth akaongeza kwamba kikombe cha mashine kiwekwe dawa waliyopewa tu, si kitu kingine. Kunegunda aliitikia. Nilimsikia kwa masikio yangu akiitikia. Mtoto wao Edwin, mwalimu Mbeya, akawatumia mashine kwa basi.

Lo, siku ile ilipofika! Amedeus alikuwa hajambo, basi kifaa kikawa cha mkewe. Alifungua kikombe, akakuta ndani kijimnara chenye kitundu ambacho sindano ya kushonea isingepita. Akatia maji safi, akaipeleka mashine mlangoni jua linapoingia, akawasha.

"Njoo, njoo upesi!"

Ukungu ulipanda kwenye mwanga, ukajikunja, ukapotea kabla ya kufika dari. Kunegunda aliupitisha usoni, akaangalia kioo kama shavu limelowa. Alizima, akawasha, akazima. Alikuwa na furaha ya mtoto aliyepewa filimbi, nami nilifurahi naye, uongo mbaya. Tulikaa pale mpaka maharage yangu yakaungua.

Lakini kichwa cha Kunegunda hakilali. Wiki iliyofuata alinikuta nachambua mchele akaniambia, "Kama inavunja maji ya hospitali, itashindwa na yangu? Mimi miaka yote nachemsha, nusu inaishia kwenye blanketi. Hii inapeleka moja kwa moja."

"Nesi alisema dawa yao tu."

"Nesi anajua mikaratusi?"

Hapo ukibishana naye unajichosha. Alichemsha majani, akayachuja kwa kitambaa mara mbili ili kile kitundu kisizibe, akaacha yapoe. Na sharti lake hakulivunja. Alivaa kinyago mwenyewe kwanza. Alikohoa kidogo, akafuta machozi, akavuta pumzi ndefu. "Safi kabisa! Haya, Baba Edwin, hauui."

Amedeus alikivaa kinyago. Mara akakishika kwa mikono miwili kama anataka kukibandua uso. Kifua kilipanda, hakikushuka. Midomo ikawa na rangi ya zambarau bichi lililoanza kuiva. Kunegunda alimvua kinyago akawa anaita, "Baba Edwin! Baba Edwin!" Mimi nilikimbia barabarani bila viatu nikasimamisha bajaji, na nilimtukana dereva aliyetaka kwanza tuelewane bei. Tulifika. Namshukuru Mungu tulifika.

Alipoanza kupumua vizuri, Violeth aliuliza kwenye kikombe walitia nini. Kunegunda hakuficha kitu. Alieleza majani, kitambaa, hata kwamba alijaribu yeye kwanza.

Yule binti akamsogelea. "Mama, kifua chako ni kizima. Kukijaribu chako hakukuambii kitu kuhusu cha baba. Chake kina kidonda. Kitu chochote kikali kinakifunga. Moshi, harufu. Wengine hata mvuke wa moto tu unawabana."

"Hata mvuke wa moto," Kunegunda alirudia.

Hakuuliza swali. Nilijua hapo mambo yameharibika.

Waliporudi nyumbani alikaa siku nyingi hivyo hivyo. Alikuja kwangu, akanywa chai bila kufungua birika. Watu walipokuja kufukizwa aliwaambia sufuria limetoboka, na halikuwa limetoboka. Mashine ilitumika kama nesi alivyoelekeza, na Amedeus alipata nafuu tuliyoiona kwa macho. Alifika kanisani bila kusalimia mtu njiani. Mkewe alimsafishia kikombe, akakianika, akamtilia dawa.

Jioni moja nilikuwa barazani kwao tunabangua karanga. Amedeus alikuwa kwenye benchi lake. Kunegunda akaziacha karanga.

"Baba Edwin. Nikuulize, unijibu kweli. Blanketi langu lilikuwa linakufungua kifua au linakufunga?"

Mzee aliangalia ndala zake. "Lilikuwa linafunga."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, Mama Edwin."

"Yesu wangu! Ukakaa humo miaka yote! Ukatoka ukaniambia asante! Mimi nakuua, wewe unaniambia asante!" Alikuwa amesimama, karanga zimemwagika, sauti yake nadhani ilifika kwa balozi wa nyumba kumi. "Mdomo ulikuwa wa kulia ugali tu? Kwa nini hukusema?"

Amedeus alingoja amalize. Siku hizi pumzi anayo ya kungojea.

"Mchana kutwa ulikuwa wa watu," alisema. "Uwanja umejaa, huyu anakuita, yule anakuita. Mle chini ya blanketi ulikuwa wangu."

Kunegunda alibaki amesimama. Nilidhani atalia, na mimi machozi yalikuwa yamekwishanitangulia. Akaingia ndani. Tulimsikia akihangaika na kabati, kisha akatoka na mashine kwenye kigoda, dawa ya hospitali mkononi, na lile blanketi la kijivu begani. Aliivunja shingo ya kichupa cha plastiki, akatia dawa kwenye kikombe, akamvalisha mumewe kinyago, akawasha. Kisha akakaa kwenye benchi akalizungusha blanketi mabegani mwao wote wawili, vichwa nje.

"Sogea," alimwambia.

Mimi niliokota karanga zangu nikaenda kwangu.