Blanketi la Fundi Kesho

Fundi Kesho hakupewa jina hilo bure. Ukimpelekea pasi, redio au feni, jibu lake lilikuwa moja: njoo kesho. Kitu kimoja tu alikimaliza upesi, nacho ni blanketi la umeme la mama yake, bibi aliyepooza miguu, ambaye baridi ya mvua ilimtesa kiuno na mgongo. Alinunua chipu ndogo kama ukucha, akaifunga kwenye blanketi pamoja na kipima joto, akaiandikia amri mbili: ukipata baridi, washa; joto likitosha, zima. Alilichomeka kwenye soketi ya kando ya kitanda kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Jioni akimuuliza mama, anajibiwa, "Joto limefika, mwanangu."

Siku moja mama mmoja mfuga kuku alimletea mashine ya kutotoleshea vifaranga.

"Fundi, nilitaka vifaranga, nimepata mayai ya kuchemsha. Bado chumvi tu!"

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Akaifungua mashine, akakuta waya wa kipima joto umekatika. Chipu yenyewe ilikuwa nzima. Ilikosa habari za joto, ikadhani ni baridi kali, ikapasha bila kukoma.

Kicheko kikamkauka. Yeye pia hakuiandikia chipu yake la kufanya waya ukikatika. Na asubuhi ile, alipokuwa akimgeuza mama yake, waya wa kipima joto cha blanketi ulinasa kwenye chaga ya kitanda, akauvuta kwa nguvu. Taa nyekundu ya kuonyesha kuwa blanketi linapasha iliwaka na haikuzimika tena. Alidhani ni kwa sababu ya baridi ya mvua ya alfajiri. Na mama miguu yake haina hisia; ikiungua, hatajua.

Alipiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, kimya. Akatoka mbio.

"Fundi, na mashine yangu?"

"Kesho!"

Kwenye kona walikuwa wanachoma takataka, na harufu ile ya moshi ikamfanya azidishe mbio. Hakuwahi kuogopa hivyo tangu azaliwe. Mlangoni, ufunguo ulikataa kuingia kwenye tundu.

"Mama!"

Mama alikuwa amelala, mdomo wazi. Akalifunua blanketi, akaishika miguu. Ilikuwa ya baridi, baridi kabisa. Basi ameshakufa, aliwaza, akapiga yowe.

Mama akafumbua macho. "We mtoto! Umefukuzwa na wateja?"

Ndipo Fundi alipoona plagi iko sakafuni.

"Nani kaichomoa?"

"Mimi. Nauvuta waya kila siku ukishafunga mlango, na jioni naichomeka tena kabla hujafika. Nakiogopa hicho kidudu chako tangu siku ya kwanza. Ila ulivyokuwa umefurahi, nikasema nisikuvunje moyo."

Fundi alipiga magoti, akaanza kuisugua ile miguu kwa viganja vyake, machozi yakimtoka.

"Joto limefika, mama?"

Mama hakuhisi kitu. Akamtazama mwanawe, akatabasamu.

"Limefika, mwanangu."