KUH: Kutohama

Mama alijifunza kuandika akiwa tayari na wajukuu, katika darasa la ngumbaru kule kwetu Ozi, kando ya mto. Mwalimu wao aliona kwamba wanafunzi wake, wengi wao akina mama wa mashamba ya mpunga, hawana haja na insha. Wanachohitaji ni kumwandikia chifu kuomba chakula cha msaada. Kwa hiyo akawafunza barua rasmi, na masomo yakaisha hapo. Barua ya kirafiki Mama hajafunzwa hadi leo.

Ndiyo maana barua yake ya kwanza kwangu ilikuwa na anwani mbili, na chini yake, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari kwa rula: KUH: UGONJWA WA MBUZI. Alinijulisha kwa heshima na taadhima kwamba mbuzi aliharisha, kisha akapona. Aliyetia sahihi ni "wako mtiifu, Mama mzazi." Niliibandika ukutani dukani kwangu Minjila, ninakouza mbegu na dawa za mifugo. Wateja walidhani ni leseni.

Mimi niliona simu inatosha. Mwaka huu mvua ilipozidi, na redio ikaanza kutangaza kuwa mabwawa ya juu ya mto yamejaa na mafuriko yanakuja, nilimpigia kila siku. Hama, Mama. Chumba kipo, godoro lipo. Alikuwa akijibu, "Sawa mwanangu, lakini..." na hiyo lakini sikuipa nafasi. Nina sauti kubwa, nimeipata kwa kubishana na wateja. Mwishowe akawa ananiambia mtandao umekatika, na nyuma yake namsikia jogoo vizuri kabisa.

Siku moja mama anayetuletea samaki kutoka Ozi akanikabidhi bahasha. Ilinuka kambare. Ndani yake:

"KUH: KUTOHAMA.

Rejea simu zako. Naandika kwa sababu kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Ninaomba kukujulisha kwamba baba yako yuko nyuma ya nyumba na hajamaliza mwaka. Kaburi lake bado ni udongo mtupu. Kila asubuhi narudishia udongo ulioteremshwa na mvua. Nikija kwako, nani atarudishia? Natumai utalizingatia jambo hili."

Niliisoma nimesimama katikati ya magunia ya mbegu, nikalia, huku mzee mmoja mfugaji akisubiri dawa ya kupe. Alinipa pole, akauliza kama dawa ipo. Muda wote huo nilidhani Mama ameng'ang'ania kuku na sufuria zake. Niliona haya. Pia nilikasirika, maana mto hausomi barua, na mama niliyebaki naye ni huyo mmoja.

Sikupiga simu. Nilichukua karatasi, nikagundua kwamba mkono wangu umezoea kuandika risiti tu. Mstari wa kwanza ulipanda juu kama unataka kutoka nje. Nikaandika KUH: OMBI LA KUJA KUKAA NAWE. Niliomba ruhusa ya kuja na magunia matupu tuyajaze udongo, tumzungushie baba. Nikaeleza kuwa nina nguvu na jembe langu mwenyewe. Nilitia sahihi, nikamkabidhi mama wa samaki, na kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze nikala chakula changu chote.

Jibu lilikuja na mzigo uliofuata.

"Ombi lako limekubaliwa kwa masharti. Kwanza, neno hama lisitajwe katika boma hili. Pili, maji yakimfikia baba yako licha ya magunia, tutamuaga sote wawili, kisha nitakufuata Minjila bila ubishi. Hilo umwambie wewe ukifika. Mimi nimekaa pale kaburini kila asubuhi nikijaribu kumwambia, nimeshindwa."