Sauti ya Mama Kwenye Kanzidata

Mimi na rafiki yangu tulipanga chumba kimoja mtaa wa Kikuyu, karibu na chuo, wote tukisoma historia. Wifi yangu alipojifungua, nilikwenda na rafiki yangu nyumbani kwetu, kijijini Gulwe. Mama alimpokea kama mwanawe, akampa na kanga. Jioni akatuingiza ndani pamoja na wanawake wengine, kwenye wimbo ambao kwetu mzazi huimbiwa kwa sauti ya chini, wanaume wasiusikie.

"Huu haurekodiwi, wanangu," mama alisema.

"Sawa, mama," rafiki yangu akaitikia.

Muhula uliofuata mwalimu alitufundisha kutumia kanzidata ya tamaduni za kale za Tanzania ya kati. Alitufungulia ukutani michoro ya mapangoni kule Kondoa, akaikuza mpaka nyufa za jiwe zikaonekana. Zikafuata video za ngoma, halafu ramani yenye vitone, kila kitone na sauti yake. Nilikuwa nimefurahi sana. Akabonyeza kitone cha Gulwe, na mama yangu akaanza kuimba.

Wavulana darasani walitikisa vichwa, wimbo umewakolea. Mwalimu akasema huenda ni wa zamani kuliko reli ipitayo Gulwe. Nilimgeukia rafiki yangu. Alikuwa anatazama kucha zake.

Nje nilimuuliza, "Simu uliificha wapi?"

"Kwenye ile kanga."

"Aliyokupa mama?"

"Wale wakifa nani ataujua? Nimeuokoa."

"Ungemwomba."

"Angekataa."

Nilipomweleza mwalimu, aliuondoa siku hiyohiyo na kuniomba radhi. Lakini watu walikuwa wameshaupakua. Nilipofika Gulwe kumweleza mama, nilikuta mwenye duka ameshaupiga dukani kwake, wanaume wamejaa barazani.

Mama alikuwa anapepeta uwele. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua uso.

"Wewe ulijua?"

"Sikujua, mama."

"Nakuamini. Wenzangu hawaamini."

Nilihama kile chumba, na yule rafiki sijasema naye tena. Likizo iliyofuata jirani yetu alijifungua. Mama, aliyekuwa akiuongoza wimbo ule tangu sijazaliwa, hakuitwa. Tulikaa uani tukimenya karanga, wanawake wakipita na vibuyu vya uji kuelekea kwa mzazi. Walitusalimia vizuri, wakaendelea na njia yao.